Kisigino Kisichopoa: Je, Nipasuliwe?

Swali la mara hii si la mtu mmoja. Wanaouliza ni watu wa boda boda, akina mama wa sokoni wanaosimama kutwa, wafugaji wanaotembea na mifugo, na vijana wetu wanaojitayarisha kila mwaka kwa mbio za Lewa. Maneno yanatofautiana, lakini shida ni ile ile: “Nyuma ya mguu, juu kidogo ya kisigino, pananiuma mwaka mzima sasa. Asubuhi nikiamka natembea kama nimekanyaga miba. Nimepaka dawa, nimekandwa, nimedungwa sindano. Sasa naambiwa ati dawa ni kupasuliwa, tena Nairobi. Niuze ng’ombe?”

Jibu fupi ni hili. Upasuaji upo, tena wa aina kadhaa, na umesaidia watu wengi. Lakini kabla ya kuuza mnyama kuna kazi ya miezi mitatu isiyogharimu hata shilingi, na wengi wanaoifanya kwa bidii hawafiki kwenye kisu. Jibu refu ndilo hili linalofuata.

KAMBA ILIYO NYUMA YA MGUU

Hebu keti, vua kiatu, ushike nyuma ya mguu wako juu ya kisigino kwa vidole viwili. Ile kamba ngumu unayoishika ndiyo kano ya kisigino. Madaktari huiita kano ya Achilles, kwa jina la shujaa wa hadithi za Wayunani wa kale. Mama yake alimchovya mtoni akiwa mtoto ili asidhurike na silaha yoyote, lakini alimshika kisiginoni, maji hayakufika hapo, na hapo ndipo mshale ulipokuja kumpata.

Hii ndiyo kano nene na yenye nguvu kuliko zote mwilini. Ina urefu wa kama sentimita 15, nayo inaunganisha misuli ya kigimbi na mfupa wa kisigino. Ukikimbia, kila hatua inavuta kano hii kwa nguvu ya mara 6 hadi 8 ya uzito wako. Mtu wa kilo 60 basi anaibebesha kama kilo 400, yaani ng’ombe mzima, na hatua inayofuata vivyo hivyo.

Sasa, kama kamba ya kisimani, kano hii kwa kawaida haiharibiki siku moja. Nyuzi zake zinalika kidogo kidogo, mwili unajaribu kuzitengeneza, na kabla haujamaliza wewe umerudi kazini. Zamani ilidhaniwa kuwa shida ni uvimbe wa moto ndani ya kano. Madaktari walipochukua vipande vya kano zilizougua na kuviangalia kwa darubini, waliona jambo lingine: nyuzi zimevurugika kama katani iliyofumuka, na mishipa midogo ya damu na ya fahamu imeota mahali ambapo haikuwapo. Ndiyo sababu vidonge vya maumivu vinakutuliza siku mbili tatu, halafu unarudi pale pale. Vidonge havipangi nyuzi.

Jambo la kukumbuka, maana litarudi tukifika kwenye upasuaji, ni mahali hasa panapouma. Kuna wanaoumwa katikati ya kano, sentimita 2 hadi 6 juu ya mfupa. Hapo ndipo damu inapofika kwa uchache, na mara nyingi utashika kinundu kama maharagwe. Wengine wanaumwa chini kabisa, pale kano inaposhikana na mfupa, na hawa huwa na mfupa uliotokeza nyuma ya kisigino ambao kiatu kinausugua. Kwa mtu anayeumwa haya yanaonekana ni kitu kimoja. Kwa daktari ni magonjwa mawili, na kila moja lina upasuaji wake.

KWANZA TUHAKIKISHE NI KANO

Si kila maumivu ya kisigino yanatoka kwenye kano. Ukiumwa chini ya unyayo, hiyo ni habari nyingine. Kijana anayeumwa visigino vyote viwili pamoja na kiuno kilichokakamaa kila asubuhi, apimwe damu na baridi yabisi. Anayetokwa na jasho la usiku, homa inayokuja na kuondoka, na viungo kuuma, aambie daktari kama anakunywa maziwa mabichi, kwa sababu ugonjwa wa bruselosi tunaujua vizuri katika nchi hii ya mifugo.

Na kama ulisikia “pwa!” nyuma ya mguu kama umepigwa teke, ukageuka ukakuta hakuna mtu, basi usisome zaidi, nenda hospitali leo. Hiyo ni kano iliyokatika. Kuna njia rahisi ya kupima: mgonjwa alale kifudifudi, miguu ining’inie nje ya kitanda, kisha mwingine akibane kigimbi chake kwa mkono. Mguu mzima unajivuta wenyewe, vidole vikielekea chini. Ule ambao kano imekatika unakaa tu kimya. Watu wengi wamekaa nyumbani majuma na kano iliyokatika wakidhani wameteguka, na siku zikipita kazi ya daktari inazidi kuwa ngumu.

Kuna mambo matatu tunayafanya hapa kwetu ambayo yanaumiza kano badala ya kuiponya, nami nitayasema wazi hata kama yataudhi.

La kwanza ni sindano ya steroidi inayodungwa ndani ya kano. Maumivu yanapotea kama muujiza, mtu anarudi kazini akiruka, na kumbe kano imelegea na inaweza kukatika. Ukitaka kudungwa hapo, uliza dawa ni gani na inaingia wapi.

La pili ni kununua siprofloksasini, ile wengi huita “sipro”, dukani bila cheti. Dawa hii ni nzuri pale inapotakiwa. Lakini yeye na jamaa zake wanajulikana kuwa wanaweza kudhuru kano, hasa ya kisigino, na hatari ni kubwa zaidi kwa waliopita miaka 60 na wanaotumia steroidi. Serikali ya Marekani iliamuru mwaka 2008 onyo hilo liandikwe kwenye dawa hizo ndani ya mstari mweusi. Kama kisigino chako kilianza kuuma ukiwa unameza sipro, mwambie daktari kabla ya jambo lolote. Usiache dawa kimya kimya, wala usiimalize kimya kimya.

La tatu ni kuchoma kwa chuma cha moto. Wazee watanisamehe. Ngozi ya nyuma ya kisigino ni nyembamba sana, na ikishaungua ikawa kovu, siku ukihitaji kupasuliwa kweli daktari atakuwa anakata mahali pasipotaka kupona.

MIEZI MITATU YA NGAZI

Katikati ya miaka ya 1990 kulikuwa na daktari mpasuaji wa mifupa kule Umeå, kaskazini mwa Uswidi, jina lake Håkan Alfredson. Yeye mwenyewe alikuwa mkimbiaji na kano yake ilikuwa inamsumbua. Akamwomba mkubwa wake ampasue. Mkubwa akakataa, maana angekosekana kazini. Basi Alfredson akaamua kuichosha kano yake kwa mazoezi mazito mpaka iharibike kabisa, ili wasiwe na njia ila kumpasua. Alipanda na kushuka kisigino kila siku akingojea ikatike. Badala ya kukatika, ikapona.

Akayapeleka mazoezi hayo kwa wagonjwa. Mwaka 1998 yeye na wenzake waliandika habari za wakimbiaji 15 wa kawaida, watu wa makamo, waliokuwa wameumwa katikati ya kano kwa muda mrefu na kushindwa na matibabu mengine. Baada ya majuma 12 wote 15 walirudi kukimbia. Wengine 15 waliolinganishwa nao, waliotibiwa kwa njia za kawaida, wote waliishia kupasuliwa. Ni watu wachache, na uchunguzi uliofuata haukupata matokeo mazuri kiasi hicho kila mahali. Hata hivyo tangu hapo hakuna mpasuaji makini anayeshika kisu kabla ya kuuliza: “Umefanya mazoezi?”

Yanafanywa hivi. Tafuta ngazi au jiwe la kujengea lililokaa imara, karibu na ukuta wa kushika. Simama juu yake kwa nusu ya mbele ya miguu, visigino viwe hewani. Jiinue kwa mguu mzima. Hamishia uzito wote kwenye mguu unaouma, kisha ushuke pole pole mpaka kisigino kiwe chini ya ngazi. Panda tena kwa mguu mzima. Fanya mara 15, pumzika, rudia mpaka ziwe seti tatu na goti limenyooka. Halafu seti tatu nyingine goti likiwa limekunjwa kidogo. Fanya hayo asubuhi, na jioni tena. Ukihesabu ni mara 180 kwa siku, kila siku, kwa majuma 12.

Itauma. Hapa ndipo watu wengi wanaacha, wanasema mazoezi yamewaharibu. Kuumwa kiasi unapofanya kunaruhusiwa. Ila kama asubuhi ya pili ni mbaya kuliko kawaida, punguza. Ikifika siku huumwi ukishuka, ongeza mzigo: beba mkoba wenye pakiti mbili za unga, halafu tatu, halafu nne. Asiyeweza kila siku asikate tamaa. Uchunguzi wa Denmark wa mwaka 2015 ulionyesha kuwa mazoezi ya mizigo mizito yaliyofanywa taratibu, mara tatu tu kwa juma, yalileta matokeo sawa na haya.

Anayeumwa chini kabisa kwenye mfupa asishushe kisigino chini ya ngazi, kwa maana kano inabanwa na mfupa na kuumia zaidi. Yeye afanye juu ya sakafu tambarare. Aweke pia kipande cha mpira cha sentimita moja hivi chini ya visigino ndani ya viatu vyote viwili, na avae kiatu kilicho wazi nyuma. Akala zetu hapa zina sifa na lawama: ziko wazi nyuma, hilo ni jema, lakini ni bapa kabisa na zinaivuta kano siku nzima.

Hospitali ya rufaa ya kaunti iko hapa hapa mjini. Mwone mtaalamu wa fiziotherapia akuonyeshe mara moja, kisha ufanyie nyumbani. Kama miezi mitatu imeisha na hakuna nafuu hata kidogo, wengi watakuambia ufikishe sita, wakikubadilishia mazoezi au wakikuongezea matibabu ya mawimbi ya mshtuko pale mashine ilipo. Baada ya hapo, ndiyo, ni wakati wa kuzungumza na mpasuaji.

KISU KINAFANYA NINI

Watu wengi wanadhani “operesheni ya kano” ni kitu kimoja. Sivyo. Usikubali kwenda mezani bila kujua unafanyiwa ipi.

Tuanze na wanaoumwa katikati ya kano. Upasuaji wa siku nyingi, na unaofanywa zaidi, ni ule wa wazi. Daktari anapasua ngozi pembeni mwa kano, anaifungua kano kwa urefu wake kama unavyopasua ganda la haragwe, anaondoa sehemu iliyooza, iliyogeuka rangi na kuwa laini, kisha anaishona iliyobaki. Sehemu mbovu ikiwa ndogo, hayo yanatosha. Ikiwa imebidi aondoe zaidi ya nusu ya unene wa kano, iliyobaki haitabeba mtu. Hapo atachukua kano jirani, ile inayokunja kidole gumba cha mguu, aihamishe na kuipachika kwenye mfupa wa kisigino isaidie kazi. Je, kidole gumba kitakufa? Hapana. Kinapoteza nguvu kidogo ya kusukuma, na katika kutembea tu wengi hawaoni tofauti.

Kuna njia ndogo zaidi. Mpasuaji anaweza kutia ganzi mahali hapo tu, akachoma matundu madogo kama matano kwenye ngozi kwa ncha ya kisu, na kuichana kano ndani kwa urefu bila kuifungua. Majeraha hayo madogo yanaamsha mwili uanze kujenga upya. Njia nyingine ni kukwangua upande wa mbele wa kano, mahali ile mishipa midogo ya fahamu inapoingilia, bila kuigusa kano yenyewe. Alfredson huyo huyo ndiye mmoja wa walioikuza njia hii. Wakati mwingine pia wanaondoa kano nyembamba inayopita pembeni ya ile kubwa na kuisugua. Hatuihitaji sana, na kuna watu wanaozaliwa bila hiyo kabisa. Baada ya njia hizi ndogo mtu anakanyaga mapema, na akienda vizuri anarudi kukimbia baada ya miezi miwili mitatu. Si kila hospitali inazifanya, kwani zinahitaji ultrasaundi au kamera ndogo na mkono uliozoea.

Halafu kuna wale ambao kigimbi chao ni kifupi, kimekaza, hawawezi kuchuchumaa visigino vikigusa chini. Kwao kuna upasuaji usiogusa kano iliyougua hata kidogo. Daktari anakata utando wa msuli kule juu kwenye kigimbi ili urefuke, na kano inapumzika kuvutwa. Bei yake ni kupungua nguvu kidogo, kwa hiyo mkimbiaji wa mashindano aufikirie mara mbili.

Wanaoumwa chini kwenye mfupa wana safari ndefu zaidi. Mara nyingi daktari anafungua nyuma ya kisigino, anaondoa kifuko cha maji kilichovimba kati ya kano na mfupa, anakata kile kipande cha mfupa kilichotokeza, na kusafisha sehemu ya kano iliyogeuka ngumu kama chokaa. Ili ayafikie hayo yote mara nyingi inambidi aibandue kano kutoka kwenye mfupa, kiasi au karibu yote. Akimaliza anaifunga tena kwa nanga ndogo zinazozama ndani ya mfupa na nyuzi imara. Wapasuaji wengine hawaigusi kano. Wanakata kabari ya mfupa ndani ya kisigino chenyewe na kukifunga kwa skrubu, ili kile kilichotokeza kirudi mbele na kuacha kusugua. Njia hiyo ilielezwa na daktari Zadek wa New York mwaka 1939, ikasahauliwa kiasi, na miaka hii imerudi kwa nguvu.

UNAPONA KIASI GANI

Ukimuuliza mpasuaji atakwambia wengi wanapona. Ni kweli kwa jumla. Taarifa nyingi zinataja kati ya watu saba na tisa katika kila kumi waliopata nafuu ya kuridhisha. Lakini mwaka 2001 watafiti walipitia taarifa hizo moja moja, wakaona jambo la kuchekesha kidogo: kadiri uchunguzi ulivyofanywa ovyo, ndivyo matokeo yalivyokuwa mazuri. Waliopima kwa uangalifu walipata mafanikio madogo zaidi. Kwa hiyo mtu akikuahidi mia kwa mia, chukua kofia yako uondoke.

Madhara nayo yapo. Huko Finland walifuatilia wagonjwa 432 mfululizo waliopasuliwa kwa maumivu ya muda mrefu ya kano hii, na taarifa yao ya mwaka 2000 ilisema 46 kati yao walipata madhara. Ni kama mmoja katika kila tisa. Mengi yalikuwa ya kidonda: ngozi iliyokufa kando ya mshono na usaha. Wachache waliguswa mshipa wa fahamu wa upande wa nje wa mguu, wakabaki na ganzi au mwasho. Mmoja aliganda damu ndani ya mguu. Tena hao walikuwa katika hospitali zenye kila kitu.

Hilo la kidonda lichukuliwe kwa uzito hapa kwetu penye vumbi. Mwenye kisukari ambacho hakijatulia atulize sukari kwanza, kisha azungumze habari za kisu. Mvuta sigara aache majuma kadhaa kabla, maana moshi unanyima ngozi damu, na ngozi ya pale haina damu ya ziada. Si kutishana, ni hesabu.

Wale wanaodhani shida hii ni ya watu dhaifu wamkumbuke Haile Gebrselassie. Ukifuata barabara yetu ya Moyale ukavuka mpaka ukaendelea kaskazini, utafika katika nchi ya Arsi alikozaliwa. Alikwenda Olimpiki ya Sydney mwezi Septemba 2000 na kano yake ikiwa inauma. Wakenya wengi tuliokuwa mbele ya televisheni tulikuwa tunamwombea Paul Tergat, na tunakumbuka mita zile za mwisho: Haile alimshinda kwa sehemu 9 za mia za sekunde. Baada ya mashindano ndipo akakubali kupasuliwa. Haya, angalia kilichofuata kwa mtu aliyekuwa na madaktari na wakandaji wa kila aina. Karibu mwaka mzima hakuonekana mashindanoni. Aliporudi Edmonton mwezi Agosti 2001, Charles Kamathi wetu ndiye aliyechukua dhahabu ya mita 10,000, na Haile akapata shaba. Kano ilimsumbua tena kabla ya Athens 2004, alikomaliza wa tano. Halafu mwaka 2008, mjini Berlin, alikimbia marathoni kwa saa 2, dakika 3 na sekunde 59, rekodi ya dunia wakati huo. Kwa hiyo kisu hakikumaliza miguu yake. Wala hakikumrudisha upesi.

PESA NA SIKU

Sasa tuje kwa yule ng’ombe. Kosa kubwa ninaloliona katika hesabu za watu ni kuuza mnyama kwa ajili ya operesheni na kusahau kuwa operesheni ni saa moja au mbili tu. Kinachobaki ni miezi.

Baada ya upasuaji wa wazi wa katikati ya kano, utakuwa kwenye plasta au buti maalumu kwa majuma 2 hadi 6. Kazi ya kukaa unaweza kuirudia baada ya hapo. Kazi ya kusimama kutwa ingoje miezi miwili au mitatu. Kukimbia ni kama miezi sita. Aliyebanduliwa kano na kufungwa upya kwenye mfupa atatembea kwa magongo kwa muda mrefu zaidi, na wengi wao wanasema mguu ulirudi kuwa wao baada ya mwaka. Katika muda huo wote mazoezi yale yale ya kigimbi yanarudi. Aliyeyakimbia kabla ya kisu atakutana nayo baada ya kisu, safari hii akiwa na mshono.

Kwa hiyo weka katika hesabu nauli ya kurudi kutolewa nyuzi na kuonwa tena, mtu wa kukusindikiza, magongo, dawa za kidonda, na chakula cha nyumbani wakati hufanyi kazi. Fikiria hata choo. Choo cha shimo na mguu usiokunjika wala kukanyaga ni mtihani. Tengeneza kiti cha mbao chenye tundu kabla hujasafiri, si baada ya kurudi.

Wapasuaji wa mifupa wanapatikana katika hospitali kubwa za serikali, na hospitali za misheni kama Kijabe, Kikuyu na Tenwek zina jina kwa kazi hiyo. Usipande gari kwa kusikia tu. Pata barua ya rufaa kutoka hospitali ya kaunti, upige simu kwanza uulize siku ya kliniki ya mifupa. Tangu Oktoba 2024 NHIF haipo tena na mahali pake pamechukuliwa na SHA. Hakikisha umejiandikisha na michango yako imelipwa, na uulize mambo mawili: hospitali hiyo inapokea SHA kwa upasuaji, na kibali cha operesheni yako kimetoka? Kibali kisipotoka mapema, bili inakuja kwako.

Ukifika mbele ya mpasuaji, usione haya kuuliza. Shida yangu iko katikati ya kano au kwenye mfupa? Umeiona kwa ultrasaundi au ekserei? Utafanya ipi, na umeshaifanya kwa watu wangapi? Ukikuta zaidi ya nusu imeoza utafanyaje? Nitakanyaga lini? Nani atanifundisha mazoezi huko Isiolo? Daktari mwema hakasiriki kwa maswali haya. Ukirudi nyumbani, ukiona mshono unatoa usaha, au kigimbi kimevimba na kuuma, au pumzi inabana, usingoje siku ya kliniki, nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Na kwa wafugaji, neno moja la majira. Kiangazi ndipo wanyama wanapohama mbali na mwenyewe anapohitajika kutembea, basi ni heri operesheni iangukie wakati wa mvua, malisho yakiwa karibu na boma na vijana wakiweza kuchunga wenyewe. Lakini anayekaa hapa mjini afikirie kinyume. Matope ya Bulla Pesa mwezi wa Novemba na magongo mawili hayapatani hata kidogo.